Mwani umevamia tangi langu la mimea: kuna dawa, au nianze upya?

Swali: Habari za kazi. Nina tangi la samaki la lita 120 sebuleni, Tabata, Dar es Salaam. Nililianza Desemba, nikapanda anubiasi na valisineria, nikaweka gapi kumi na wanne na samaki wa dhahabu wawili. Mpaka masika lilikuwa linapendeza, wageni wanaacha televisheni wanatazama samaki. Tangu Juni limeharibika. Nyuzi za kijani zimesonga majani, kioo kina madoa magumu ya kijani, na mawe meupe niliyookota ufukweni yameota vishada vyeusi kama ndevu. Tangi lipo ubavuni mwa dirisha linaloangalia kaskazini, na taa inawaka tangu asubuhi mpaka tunapolala. Mwezi Mei jirani alinishauri nichimbie punje za NPK mchangani ili mimea ipate nguvu, nikafanya hivyo. Nimelifunika kwa blanketi siku tatu, mwani ukapungua, halafu ukarudi. Kila Jumamosi nabadilisha maji kwa maji ya kisima. Sasa mmoja ananiambia niweke mrututu, mwingine chupa ya hamira na sukari. Kuna dawa ya kweli, au nimwage kila kitu?

Jibu: Usimwage kitu, dada yangu, na huo mrututu uache dukani. Tangi lako halina ugonjwa. Lina mwanga mwingi kuliko mimea yake inavyoweza kuutumia, na juu ya hapo umelipa amonia kupitia zile punje za mbolea. Ukilimwaga na kulipanga upya pale pale dirishani, utawapoteza bakteria wanaoila amonia, waliojijenga mchangani na kwenye filta kwa miezi yote hii, amonia itapanda tena kama ilivyo kwa kila tangi jipya, na mwani utakukuta umechoka zaidi.

Nianze na dirisha, maana nilipofika kwenye neno "Juni" sikuhitaji kusoma mbali. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana hupita upande wetu wa kusini, na dirisha la kaskazini linakaa kivulini. Baada ya hapo jua linahamia upande wa pili. Kufikia Juni, saa sita mchana, limeinama kuelekea kaskazini kwa nyuzi 30 hivi, na linaingia dirishani kwako bila kubisha hodi. Aprili na Mei mawingu ya masika yalikukinga. Mvua ilipokatika, msimu wa kusi ukaja na anga jeupe, na tangi likaanza kupigwa na jua ambalo halikuwahi kuliona tangu ulinunue. Jua la wazi la mchana hufikia laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Taa yako ya LED, hata iwe kali namna gani, haiukaribii mwanga huo. Saa moja tu ya jua ubavuni mwa kioo inatosha kuharibu hesabu zote ulizopanga kwa taa.

Oktoba jua litaondoka lenyewe na utaona nafuu. Usije ukadhani ni dawa uliyoweka Septemba ndiyo iliyofanya kazi.

Kama tangi linahamishika, lihamishie ukuta usiopigwa na jua kabisa. Lita 120 zikijaa, pamoja na mchanga na vioo, ni zaidi ya kilo 150, kwa hiyo punguza maji mpaka yabaki ya kuwasitiri samaki, na hata hapo tafuta watu wa kushika kila pembe. Kulihamisha likiwa limejaa ndivyo silikoni ya pembeni inavyoachia. Kama halihamishiki, bandika karatasi nyeusi ya manila upande wa dirisha, au tundika pazia zito lisilopitisha mwanga. Kitenge cha rangi nyepesi hakitoshi.

Sasa taa. Tangu asubuhi mpaka mnapolala ni zaidi ya saa 14, na hapo bado hatujahesabu jua. Mmea uliozama majini una shida ambayo mchicha wa bustanini hauijui: kabonidayoksaidi. Ndani ya maji gesi hii husambaa polepole kuliko hewani kwa kiasi cha mara elfu kumi. Jani pana na nene la anubiasi linaimaliza iliyo karibu nalo mapema, kisha linakaa tu huku mwanga ukiendelea kumiminika. Uzi wa mwani ni mwembamba mno. Kila sehemu yake inagusa maji, na mahitaji yake ni madogo. Mwanga ambao mmea umeshindwa kuutumia, mwani unautumia. Ndiyo sababu ukiongeza taa ili "mimea ipate nguvu" kwenye tangi lisilopulizwa kabonidayoksaidi, unaulisha mwani.

Weka saa 6 kwa siku, zifuatane, kwa taima ya kuchomeka ukutani ili isitegemee kumbukumbu ya mtu. Chagua muda ambao familia ipo: saa 10 jioni mpaka saa 4 usiku panakaa vizuri kwa wengi. Mimea haijali kwamba nje ni usiku. Baada ya mwezi, mambo yakitulia, unaweza kupanda mpaka saa 7 au 8, na usizidi hapo. Ukiona taa yenyewe ni kali sana, inyanyue sentimita 15 hadi 20 juu ya maji.

Punje za NPK ni kosa la pili, na hapa jirani yako alikuwa na nia njema tu. Mbolea za punje zinazouzwa maduka ya pembejeo zimetengenezwa kwa shamba, na sehemu kubwa ya nitrojeni yake iko katika umbo la amonia, au la urea inayogeuka kuwa amonia. DAP na CAN nazo zina amonia. Shambani udongo unaishika. Ndani ya tangi inapenya mchangani kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na amonia pamoja na mwanga mkali ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuzusha mwani. Ungekosa bahati kidogo, maji yote yangegeuka kijani kama ya bwawa la perege.

Kuna jambo baya zaidi lililojificha kwenye mawe yako. Dondoshea tone la ndimu kwenye jiwe moja kavu. Likitoa mapovu, ni la matumbawe au chokaa, linapandisha pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alkali, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyokuwa sumu kwa samaki. Ukiwaona gapi wanahema juu juu asubuhi, usisubiri Jumamosi kubadilisha maji. Mimi ningeyatoa mawe hayo moja kwa moja. Yanapendeza, lakini mahali pake ni tangi la maji ya bahari.

Punje zenyewe huenda zimekwisha lainika. Chukua mpira wa kunyonyea maji, uzamishe mchangani pale pale ulipochimbia, vuta uchafu mpaka maji yatoke meupe. Wiki hii badilisha nusu ya maji mara tatu, kwa kuachanisha siku moja au mbili. Kisha rudi kwenye utaratibu wa kubadilisha theluthi moja kila wiki.

Simaanishi mbolea yote ni adui. Miaka ya 1990 wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wa Marekani na Ulaya walikuwa wakiibana fosfati, kirutubisho cha mimea, wakiamini mwani utakufa njaa. Baadaye Mmarekani Tom Barr akatetea njia iliyo kinyume chake: tangi lenye mimea mingi inayokua linawekewa nitrati na fosfati za kutosha na ziada, nusu ya maji inabadilishwa kila wiki, na mwani hauzuki kwa sababu ya virutubisho hivyo. Wengi wamelifuata hilo na limewafaa. Hata yale madoa magumu ya kijani kwenye kioo chako mara nyingi hutokea fosfati inapopungua mwanga ukiwa mwingi, wala si inapozidi. Amonia ndiyo habari nyingine. Ila kwa sasa usinunue mbolea ya aina yoyote. Chakula cha samaki kinatosha kulisha mimea uliyonayo.

Maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na vingine, hasa maeneo yenye vyoo vya shimo vilivyosongamana, vina nitrati nyingi. Valisineria inavumilia maji magumu, hata inajua kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti iliyomo, kwa hiyo sishangai ikiwa ndiyo inayoendelea vizuri kwako. Lakini ukiyaonja maji ukahisi chumvi, usiyatumie. Kingia maji ya bomba ya DAWASA siku yanapotoka. Hayo yana klorini: yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, ikiwezekana pampu ya hewa ikiwa imewashwa ndani, klorini itatoka. Ukiwa na haraka, tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki wa mapambo. Mvua zikiwa kubwa na mto Ruvu ukachafuka, maji ya bomba nayo yanaweza kuja na rangi. Yaache yatulie kwanza.

Tuje kwenye mimea, ambako naona wengi wanabana matumizi mahali pasipofaa. Anubiasi ni mmea mzuri wa Afrika Magharibi na Kati, hauui mtu kwa shughuli, lakini unatoa jani jipya kwa kusuasua. Jani linalokaa miezi mingi kwenye mwanga lazima litaota kitu. Tangi lililojaa anubiasi chini ya taa kali ni shamba la mwani. Unahitaji mimea inayokua kwa fujo, na hiyo ndiyo ya bei rahisi: haidrila, pia ule mmea mwingine wa matawi laini kama mkia wa paka usio na mizizi, na ile inayoelea yenye umbo la kabichi ndogo. Inayoelea ina faida mbili, inatia kivuli na inachukua kabonidayoksaidi kutoka hewani, kwa hiyo shida ya majini haiihusu.

Kuna njia nyingine ambayo haikugharimu kitu. Kata vikonyo vya matembele, uvitundike nyuma ya tangi, shina likiwa majini na majani yote yakiwa nje. Baada ya siku chache mizizi inashuka, na kwa kuwa majani yapo hewani, yanavuta nitrati na amonia majini kwa kasi ambayo anubiasi haitaifikia kamwe. Lengo ni theluthi mbili ya sakafu ya tangi iwe imefunikwa na mimea, na juu pawe na kivuli kiasi. Mimea ya kuelea ikizidi, punguza uianike juani mpaka ikauke kabisa. Usiitupe kwenye mtaro wala mtoni. Gugu maji lilivyofunika ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990 linatosha kuwa onyo.

Mimea ukiipata kwenye mabwawa au mitaro, nakuomba usiiingize hivi hivi, na konokono wa huko usimchukue hata kama rafiki anakusifia anavyokula mwani. Baadhi ya konokono wa maji baridi wa ukanda huu hubeba vimelea vya kichocho, na konokono aliyeambukizwa huendelea kuvitoa majini kwa wiki nyingi. Wewe na wanao mnaingiza mikono humo. Nunua konokono waliozaliwa kwenye matangi ya wafugaji, wao wanatosha kulamba kioo.

Mwani uliopo sasa unatolewa kwa mkono. Hakuna njia ya mkato. Nyuzi zizungushe kwenye mswaki mkavu kama unavyosokota tambi, vuta, zitoe nje ya maji. Ukiziacha zielee zitashika jani jingine. Kioo kwangua kwa wembe, taratibu karibu na silikoni. Majani ya anubiasi yaliyoshikwa zaidi ya nusu yakate yote. Jani la zamani halitarudi kuwa safi, na linaendelea kupandikiza mwani kwa majirani zake. Fanya kazi hii kabla ya kubadilisha maji, si baada.

Vishada vyeusi ni kesi tofauti. Hao ni jamii ya mwani mwekundu ingawa machoni ni weusi, wameshika kama gundi, na mswaki hauwatoi. Mawe utakuwa umeshayaondoa. Kama vimehamia kwenye kipande cha mti au kwenye filta, nunua duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Zima filta, vuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, mwagia polepole juu ya kishada chenyewe. Subiri dakika kumi, washa filta. Kwa lita 120 usizidishe mililita 30 kwa siku, na usiirushie valisineria. Siku chache baadaye vishada vinageuka waridi au kijivu, na hapo vimekufa. Vitarudi kama sababu zipo, na mojawapo kubwa ni kabonidayoksaidi inayopanda na kushuka.

Ndiyo maana chupa ya hamira na sukari, inayotengeneza gesi hiyo, siitaki kwako. Kwenye joto letu hamira inachachuka kwa pupa: siku mbili tatu za mwanzo gesi inajaa, halafu inakatika, unatengeneza nyingine, inajaa tena. Kwa tangi la lita 120 kiasi chenyewe ni kidogo, na kuyumba huko ndiko vishada vyeusi vinakokupenda. Ama uweke mtungi wa gesi wenye valvu na taima, ambao ni gharama kubwa, ama ukae bila gesi na upunguze taa. Kwa anubiasi na valisineria, kukaa bila gesi ni uamuzi wa busara kabisa.

Mrututu ni shaba. Unaua mwani, kweli. Unaua pia konokono na kamba wote, unachoma mimea, na kipimo kikikosewa kidogo unaua samaki. Mwani wote ukifa siku moja unaoza humo humo, amonia inapanda, oksijeni inashuka, na wiki mbili baadaye mwani mpya unaota juu ya mimea iliyodhoofika. Blanketi nalo lilikufelisha kwa njia hiyo hiyo, japo kwa upole. Giza la siku tatu au nne linafaa kwa maji yaliyogeuka kijani, au kwa ile ngozi ya kijani cha buluu yenye harufu mbaya ambayo kimsingi ni bakteria. Kwa nyuzi na vishada halitoshi, na ulipolifunua jua la kaskazini lilikuwa linasubiri pale pale.

Umeme ukikatika usilishe samaki mpaka urudi, na kama ulikatika saa nyingi, suuza sponji ya filta kabla ya kuiwasha, ukitumia maji uliyotoa kwenye tangi, kamwe si ya bomba yenye klorini. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kitu cha kuwa nacho nyumbani; maji yenye nyuzi 30 za joto hubeba oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita, na usiku mimea nayo inaitumia.

Wiki mbili za kwanza usitegemee kuona mabadiliko makubwa. Unachotazama ni majani mapya. Yakitoka safi na kubaki safi, umefika, hata kama ya zamani bado yana mabaka. Kwa kawaida picha inabadilika kati ya wiki ya nne na ya sita. Kamba aina ya Amano, waliopewa jina la mpiga picha na mpanga matangi wa Kijapani Takashi Amano, ni mahodari wa kula nyuzi laini, lakini walete mwani ukiwa umeshapungua, na samaki wa dhahabu wakiwa wameondoka.

Ndiyo, samaki wa dhahabu waondoke. Najua ndio watoto wanaowapenda. Wawili hao wanatoa uchafu mwingi kuliko gapi wote kumi na wanne kwa pamoja, watakua wakubwa kuliko tangi lako, na haidrila utakayonunua wataila kama saladi kabla haijashika mizizi. Mtafutie mtu mwenye bwawa la uani uwagawie, na watoto waende kuwatembelea. Kwa gapi waliobaki, chakula ni mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, na kopo la chakula likae juu ya kabati ambako mtoto hafiki.